UZI: Wadodosaji wa tafiti za afya, nani mwingine anasikia unapohoji?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa kazi za uwandani umefika. Kila kundi la WhatsApp limejaa matangazo ya wadodosaji: mafunzo siku kadhaa, tableti, fulana, kofia, gari linawabeba hadi mkoani. Kazi hizi nimezifanya miaka, kwanza nikihoji mwenyewe, sasa nasimamia timu, na mafunzo nayajua yanavyokwenda. Muda mwingi unaishia kwenye dodoso na kubonyeza tableti. Maadili yanapewa kipindi kimoja cha baada ya msosi, watu wanasinzia, mtoa mada anapitisha slaidi zake: kanuni za maadili ya utafiti za Nuremberg 1947 na Helsinki 1964, kisha kashfa ya Tuskegee ya Marekani, ambako wagonjwa waliachwa bila tiba kwa ajili ya utafiti. Kesho yake dada wa watu anashushwa wilayani Mbozi akamuulize mwanamke asiyemjua kama mumewe humpiga.

Nina hoja moja. Sisi wa mahojiano hatuchomi mtu sindano wala hatumpi dawa ya majaribio. Madhara yetu yanapitia masikioni na machoni mwa watu: nani kasikia jibu, nani kakuona ukiingia, nani atauliza jioni "wale wageni walitaka nini kwako?" Ukilishika hilo, maamuzi mengi ya uwandani utayafanya mwenyewe bila kumpigia msimamizi simu.

Makaratasi nayapita haraka kwa sababu mengi hayako mikononi mwa mdodosaji. Tanzania Bara kibali cha maadili cha kitaifa kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya 1979, na vyuo na taasisi kama Muhimbili na Ifakara zina kamati zao za maadili. Zanzibar kuna ZAHRI, taasisi yao ya utafiti wa afya. Kenya unapita kwenye kamati ya maadili iliyosajiliwa, halafu leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia. Baada ya hapo barua zinashuka mkoa, wilaya, kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

Hapo kwa mwenyekiti ndipo pa kuangalia. Barua yake ni ruhusa ya kuingia mtaani kwake, basi. Haikupi ridhaa ya mtu yeyote. Lakini uwandani mambo yanakwendaje? Mwenyekiti anatangulia mbele, anabisha hodi, anasema kwa sauti ya mkutano: "Mama Fulani, hawa ni wageni wetu kutoka serikalini, wape ushirikiano." Mama anatoa viti, anakaa, anasikiliza fomu yote ya ridhaa, anaweka kidole gumba. Kwenye ripoti tunaandika kwamba ameridhia kwa hiari. Huyo mama angekataaje? Mwezi ujao anahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti huyo huyo.

Timu yangu hufanya hivi: mwenyekiti au balozi wa nyumba kumi anatuonyesha nyumba, anatutambulisha kwa salamu tu, kisha mmoja wetu anaondoka naye kwenda kuonyeshwa nyumba inayofuata. Hilo tunamweleza mapema ofisini kwake, kwa heshima, asione kafukuzwa. Anayebaki anaanza upya: "Mwenyekiti ametuonyesha kwako, ila hatutamwambia kama umekubali au umekataa. Ukisema hapana, tutakaa hapa kidogo tuzungumze mengine, tuondoke." Sentensi hiyo ya mwisho ina kazi. Ukimwacha aliyekataa ukatoka baada ya dakika mbili, mtaa mzima umeshajua amekataa.

Gari nalo. Kuna mradi uliokuwa unahoji watu wanaoishi na VVU majumbani mwao, gari lina stika ya mradi mlangoni, maandishi ya kusomeka kutoka barabara kuu. Fomu zina namba badala ya majina, tableti zina nywila, seva imefungwa sijui wapi huko, na gari limeegeshwa mbele ya nyumba ya mhojiwa. Siku hizi nawaambia madereva waegeshe kwenye zahanati au ofisi ya kata, tunatembea. Na fulana zenye ujumbe mgongoni zibaki kwenye begi.

Karibuni. Wenye uzoefu waongeze, wanaopinga wapinge kwa hoja.

Mdau (muuguzi, Mwanza)

Mkuu umegusa pazuri, ila umesahau upande wetu wa vituoni.

Mgonjwa amekuja CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, kuchukua dawa, kaamka alfajiri. Mimi niliyevaa sare nyeupe, ninayemjua kwa jina, ndiye nimepewa fomu za ridhaa za utafiti nizisainishe. Namwambia "ni hiari" huku faili lake liko mkononi mwangu. Wengi hawasikilizi hata kidogo, wanauliza "nisaini wapi nesi?" Kwao kusaini ni sehemu ya kupata dawa.

Kwenye kituo chetu tulikubaliana: muuguzi anamwambia tu kwamba kuna utafiti, akipenda akimaliza kuchukua dawa apite chumba kile. Dawa kwanza, utafiti baadaye. Anayehoji ni mtu mwingine asiye na sare. Idadi ya washiriki ilishuka, mtafiti mkuu akalalamika. Nikamwambia wale waliopungua ndio waliokuwa hawataki tangu mwanzo.

Mleta mada

Dada hiyo ya dawa kwanza naiba. Na kuna jaribio dogo la kuongezea: baada ya kusoma fomu, usimuulize "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo. Mwambie akueleze yeye: "Ukirudi nyumbani ukaulizwa tunafanya nini hapa, utasemaje?" Akikujibu "mmekuja kunitibu presha", hajaridhia chochote, rudi mwanzo.

Mdau (Dar)

Mimi nimewahi kuwa mhojiwa, niwape ya upande wa pili. Ilikuwa kliniki moja hapa mjini, siitaji. Chumba kina pazia badala ya mlango. Dada ananiuliza idadi ya watu niliolala nao mwaka ule, nje ya pazia kuna benchi la foleni. Nilimjibu "mmoja". Hata angeuliza mara kumi ingekuwa mmoja.

Kwa hiyo wenye data zenu mjue.

Mleta mada

😂 Kaka umeua. Lakini ndiyo ukweli wenyewe, faragha ikiwa mbovu unaumiza mtu na unapata takwimu za uongo kwa wakati mmoja. Bosi asiyesikia lugha ya maadili, ongea naye lugha ya ubora wa data, atanunua kitambaa kizito na redio ya kuweka pale kwenye benchi.

Niwarudishe kwenye mfano mkubwa zaidi ninaoujua, maana umefanyika hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti wa nchi nyingi kuhusu afya ya wanawake na ukatili wa majumbani. Kwa Tanzania walihoji Dar es Salaam na mkoa wa Mbeya. Ripoti ya 2005 ilitoa namba zinazotajwa mpaka leo: kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza, asilimia 41 Dar na asilimia 56 Mbeya walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na huyo mwenza.

Jiulize waliyapataje majibu hayo, maana ni mambo ambayo mwanamke hamwambii hata dada yake. Shirika lilikuwa limeshatoa mwongozo wa maadili na usalama mwaka 2001, na ukiusoma unaona ni mwongozo wa masikio na macho, kama nilivyosema juu. Nyumba moja, mwanamke mmoja tu, hata wakiwa watano, ili asiwepo mwingine anayejua maswali. Wanaume wa nyumba hiyo hiyo hawaulizwi habari za ukatili. Kwa kaya na kwa majirani utafiti unatambulishwa kama utafiti wa afya ya wanawake na maisha yao. Mada kamili anaelezwa mhusika mwenyewe mkiwa wawili. Mtoto mwenye zaidi ya miaka miwili hakai chumbani, kwa sababu jioni atamwambia baba "leo mama alilia". Na mdodosaji anakuwa na maswali mengine tayari, ya uzazi au ya lishe, mtu akiingia anahamia huko bila kubabaika.

Hilo la mwisho tunalifanyia mazoezi hasa. Mmoja anahoji, mwingine anahojiwa, wa tatu anaingia ghafla na ndoo ya maji. Anayehoji abadilishe swali bila kubadilisha sura. Wengi mara ya kwanza wananyamaza na kutazama chini, ndiyo dalili ya kwanza atakayoiona mume. Tunarudia mpaka wazoee kuendelea tu: "...na maji ya kunywa mnachemsha au mnatia dawa?" Mhojiwa naye anakuwa ameambiwa tangu mwanzo kwamba akitaka tubadilishe mazungumzo atuombe maji ya kunywa au ishara yoyote mtakayokubaliana.

Tafiti za kitaifa za demografia na afya zenye sehemu ya ukatili wa majumbani, kama ya 2010 hapa kwetu, zinaenda kwa kanuni zinazofanana: mwanamke mmoja kwa kaya, na pasipopatikana faragha sehemu hiyo inarukwa. Inarukwa kabisa. Hakuna kunong'ona.

Mdau (Arusha)

Samahani mkuu, hapo sijakuelewa. Mume unamwambia ni utafiti wa afya, kumbe unauliza kama anapiga mke. Huo si uongo? Tunafundishwa uwazi halafu tunaanza na kificho.

Mleta mada

Swali zuri, na kwenye kila mafunzo lazima mtu aliulize.

Mume ni mwenye nyumba, anastahili heshima na salamu, lakini si yeye anayehojiwa. Ukweli wote ni haki ya mhojiwa, na mhojiwa anaupata wote kabla ya swali la kwanza la ukatili, anaweza kusema hapana hapo hapo. Na tulichomwambia mume si uongo: ukatili ni suala la afya, na dodoso lina uzazi, lina magonjwa, lina mengine mengi. Tumesema kwa upana bila kuchambua. Kamati ya maadili inauona utambulisho huo neno kwa neno na kuupitisha, mdodosaji hajitungii njiani.

Mimi mpaka wangu uko hapa: mume akiniuliza moja kwa moja "mnauliza mambo ya ndoa?" simwambii hapana. Namwambia tunauliza mambo mengi ya maisha ya wanawake, na majibu ya kila mtu ni siri yake, kama ambavyo yake yangekuwa siri yake. Akikasirika, tunaaga. Dodoso moja lililopotea si kitu mbele ya mwanamke anayebaki na mtu aliyekasirika.

Mdau (Kilifi)

Hamjambo nyote. Huku kwetu Pwani ya Kenya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa mfuko wa Wellcome wa Uingereza wako tangu 1989, kwa hivyo utafiti ni jambo la kila siku. Watu wamehojiwa, wamepimwa, watoto wamefuatiliwa. Na bado hadithi za mumiani hazikwisha, watu wakiona gari wanaulizana damu inapelekwa wapi.

Kilichosaidia kwa maoni yangu ni wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanakutana na watafiti na kuuliza maswali magumu kabla utafiti haujaanza. Lakini nao wanahitaji kuangaliwa. Mwakilishi ni jirani yangu. Nikikataa utafiti wake, kesho tunaonana kisimani. Kwa hivyo aelimishe kijiji kwa jumla, asije kukaa nami wakati nahojiwa.

Na mrudishe matokeo jamani! Watu wanatoa habari zao, mtafiti anaondoka, wanakuja wengine na maswali yale yale. Mzee mmoja hapa huwauliza wageni kwanza, "Wale wa kwanza walipata nini?" Wengi hawana jibu.

Mdau (Tanga)

Tuzungumze hela sasa, maana ndiyo watu wanaogopa kuitaja. Mshiriki apewe shilingi ngapi?

Mleta mada

Kiasi kinapangwa kwenye protokali, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, na kamati inakiona, kwa hiyo uwandani hakuna kuongeza wala kupunguza. Msingi ni nauli na fidia ya muda. Ikiwa kubwa mno, mtu mwenye shida anakubali kitu ambacho angekikataa akiwa ameshiba. Ikiwa sifuri, unamfanya mama lishe apoteze mauzo ya asubuhi kwa ajili ya utafiti wako. Na akiacha katikati apewe chake chote. Ukimnyima, ile haki ya kujitoa uliyomsomea imeshakuwa maneno matupu.

Lakini hata hela ina macho. Noti mpya mkononi mwa mwanamke asiye na kipato, mumewe atauliza imetoka wapi. Na zawadi ni mbaya zaidi. Nimeona utafiti uliogawa kanga, zote doti ya aina moja, kwa wanawake waliohojiwa kuhusu kupoteza mimba. Wiki ya pili kanga zilikuwa zimevaliwa sokoni, na kijiji kikawa kinahesabu. Muulize mwenyewe: upewe hapa, utumiwe kwa simu, au uchukue siku nyingine? Na kabla hujatuma, uliza simu ni ya nani. Nyumba nyingi simu ni moja.

Hilo linahusu mahojiano ya simu pia, ambayo yamekuwa mengi tangu Corona. Usitume ujumbe wenye jina la utafiti. "Habari, ni mimi wa mazungumzo yetu ya Jumanne" inatosha. Akipokea, swali la kwanza liwe la ndiyo au hapana: uko mahali unapoweza kuongea? Simu iko spika?

Mdau (mwanafunzi, Dodoma)

Naomba kuuliza wakuu, utafiti wangu wa shahada unahusu vijana na VVU. Nimesikia sheria imeshusha umri hadi miaka 15. Kwa hiyo naweza kuwahoji bila mzazi?

Mleta mada

Mdogo wangu, usichanganye. Marekebisho ya 2019 ya sheria ya VVU yanamruhusu mwenye miaka 15 *kupima* bila ridhaa ya mzazi. Hiyo ni huduma. Kwenye utafiti, chini ya miaka 18 kwa kawaida unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na kijana naye akubali kwa hiari yake. Mzazi akisema ndiyo na kijana akasema hapana, jibu ni hapana. Kama unaona kumhusisha mzazi kutamweka kijana hatarini, mfano mzazi hajui kama mwanawe anatumia dawa za VVU, andika hoja hiyo kwenye maombi yako kamati iamue. Usiamue wewe ukiwa stendi.

Na usiahidi siri isiyo na mwisho. Mtoto akikwambia anaingiliwa na mjomba, utafanya nini? Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhurika atoe taarifa serikali ya mtaa. Kwa hiyo kabla hamjaanza, mwambie kwa lugha yake: "Utakayoniambia sitamwambia mtu. Ila ukiniambia kuna anayekuumiza, itabidi tutafute mtu wa kukusaidia, na nitakwambia kwanza kabla ya kumwambia yeyote." Baadhi wataficha kwa sababu hiyo. Ni haki yao, na ni afadhali kuliko kumvua mtoto siri kwa ahadi usiyoweza kuitimiza.

Kwa watu wazima ni tofauti. Mwanamke mtu mzima huendi kumripotia Dawati la Jinsia la polisi kwa niaba yake bila yeye kutaka. Unampa njia: kituo cha mkono kwa mkono kilipo karibu, ambako mwathirika anapata tiba, polisi na ushauri mahali pamoja, dawati hilo la polisi, namba 116 kwa masuala ya watoto. Tena usimpe kikaratasi kimeandikwa "Msaada kwa waathirika wa ukatili". Weka namba hizo katikati ya namba za zahanati, chanjo na kliniki ya wajawazito. Na piga hizo namba mwenyewe kabla ya kazi kuanza, uone kama zinapokelewa. Orodha nyingi ninazopewa zina namba zilizokufa.

Mdau (Mbeya)

Mbona hamuongelei wadodosaji wenyewe? Nilifanya kazi ya vifo vya watoto wachanga. Kila nyumba mama analia, wewe unaandika. Usiku mko gesti, hakuna wa kuongea naye, msimamizi anauliza umemaliza madodoso mangapi. Wengine wakaanza kupika data, wanakaa chini ya mwembe wanajaza wenyewe. Si wavivu wale, walikuwa hawawezi tena.

Mleta mada

Hili naomba wenye miradi walisome mara mbili. Ukimlipa mdodosaji kwa idadi ya madodoso, umemlipa aharakishe. Atasoma fomu ya ridhaa kama mnadi bei, hatasubiri mtu aliyeanza kulia, na mwishowe atakwenda chini ya mwembe. Mlipe kwa siku, weka idadi ndogo kwenye mada nzito, na kila jioni watu wakae waongee yaliyowakuta kabla hamjagusa namba. Anayetaka kubadilishwa eneo abadilishwe bila kuulizwa sababu. Mwongozo ule wa 2001 nao ulitaka wadodosaji wapewe msaada endelevu, ila ni kipengele ambacho bajeti zetu hukifuta cha kwanza.

Na mhojiwa akilia, zima kinasa sauti kwanza. Kaa kimya. Usimwambie "pole, tuendelee". Mpe njia tatu: tupumzike, tuache hapa, au tuahirishe. Wengi huchagua kuendelea wenyewe, ila wachague.

Mdau (Unguja)

Sie huku mwanamme akimuhoji mwanamke peke yake chumbani hiyo faragha ishakuwa balaa jengine. Pelekeni wanawake kwa wanawake. Tena si lazima chumbani, ukumbini mlango wazi na majirani wanaona mmekaa ila hawasikii, inatosha.

Mleta mada

Kweli kabisa bibie. Kuonekana bila kusikika, mara nyingi ndiyo faragha bora tunayoweza kuipata uswahilini. Chini ya mti katikati ya uwanja ni pazuri kuliko chumba chenye ukuta wa mabati.

Mdau (Morogoro)

La mwisho kwangu: timu yetu tunatumiana picha za fomu za ridhaa kwenye kundi la WhatsApp, msimamizi ahakiki saini. Kuna ubaya?

Mleta mada

Acheni leo. Fomu hiyo ina jina, saini au kidole, na kichwa cha utafiti. Sasa iko kwenye simu za watu wote wa kundi, na kwenye matunzio ya picha ambayo watoto wao wanachezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na Kenya wana yao ya 2019. Msimamizi ahakiki karatasi zenyewe jioni, ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na madodoso yenye namba, ili atakayeokota moja asiweze kuunganisha na nyingine. Zilizokwisha tumwa zifutwe kwenye kundi na kwenye simu ya kila mmoja, mmoja mmoja, msimamizi akiangalia. Halafu iandikieni kamati iliyowapa kibali. Ripoti ya tukio ni ukurasa mmoja, haina ugumu.

Ukija kuandika ripoti, hatari ni ile ile. "Mwalimu mkuu, mwanamke, miaka 47, Kijiji Fulani" hujaficha kitu, kijiji kina mwalimu mkuu mmoja. Andika "mtumishi wa umma, mkoa wa Morogoro" na uondoe umri.

Natoka kesho alfajiri, huko niendako mtandao ni wa kupanda kilimani. Wekeni maswali, nitayakuta.